Yadi 40, Kidole Kimoja: Kasi ya Vijana wa NFL Inapimwaje?

Jumamosi ya Machi 2, 2024, ndani ya uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, kijana mwembamba wa kilo 75 aliinama kwenye mstari, akaweka mkono mmoja chini, akatulia. Jina lake Xavier Worthy, mpokeaji wa pasi kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Alikuwa amekwishakimbia mara moja, na hii ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho. Akachomoka. Skrini za runinga zikaonyesha sekunde 4.22, sawasawa na rekodi aliyoiweka John Ross mwaka 2017. Baadaye kidogo ukatangazwa muda rasmi: 4.21. Rekodi ikawa yake, na mwezi uliofuata Kansas City Chiefs, waliokuwa mabingwa watetezi wa futiboli ya Kimarekani, wakamchukua katika raundi ya kwanza ya drafti, ule mgao wa kila mwaka ambao timu za ligi ya NFL huutumia kuchagua wachezaji wapya.

Tofauti kati ya Worthy na Ross ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Mkimbiaji wa daraja lao, anapomaliza yadi 40, huwa anakwenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu hiyo moja ya mia ni kama sentimita 10 tu za uwanja. Wawili hawa hawakuwahi kupangwa mstari mmoja kukimbia jaribio hilo. Miaka saba iliwatenganisha, na saa ndiyo iliyoamua nani mwenye kasi zaidi.

Saa hiyo, mwanzoni mwa kila mbio, huanzishwa na kidole cha mtu.

Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu ya makala haya. Ligi tajiri kuliko zote duniani inampima kijana kwa kifaa kinachosoma sehemu za mia, kisha inakianzisha kwa namna isiyoweza kuzithibitisha sehemu hizo za mia. Tarakimu inayotoka inaandikwa mbele ya jina la kijana na kumfuata hadi anastaafu. Muda usiotajwa namna ulivyopimwa haujakamilika, na kijana anayehukumiwa kwa muda huo anastahili kupimwa vizuri zaidi.

Yadi 40 zilitoka wapi

Yadi 40 ni mita 36.58, umbali usiokuwepo katika mashindano makubwa ya riadha. Inasimuliwa kwamba aliyeufanya kuwa kipimo ni kocha Paul Brown, aliyeinoa Cleveland Browns tangu timu hiyo ilipoanza kucheza mwaka 1946. Hoja yake ilitoka uwanjani. Timu iliyoshindwa kusonga mbele huupiga mpira juu kwa mguu ili mpinzani auanzie mbali. Mpira wa namna hiyo huenda wastani wa yadi 40 na hukaa hewani kama sekunde nne na nusu. Mchezaji anayezimaliza yadi hizo ndani ya muda huo anafika pamoja na mpira na kumkaba mpokeaji kabla hajaanza kukimbia.

Kipimo kilichozaliwa kwa kazi moja mahsusi kikaja kutumika kwa kila mtu. Mwaka 1982 baadhi ya timu zilikusanya vijana mjini Tampa, Florida, ili wapimwe pamoja badala ya kila timu kuwafuata chuoni kwao. Kambi hiyo ikakua, ikapewa jina la Combine, na tangu mwaka 1987 inafanyika Indianapolis. Kila mwaka vijana zaidi ya 300 hualikwa. Wanapimwa urefu, uzito na afya, wanaruka, wananyanyua chuma, wanahojiwa na makocha. Lakini kinachosubiriwa na watazamaji wa runinga ni zile sekunde nne na ushee.

Kinachowasubirisha ni riziki ya kijana. Tangu mkataba wa pamoja wa mwaka 2011 kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, malipo ya mchezaji mpya yanafuata namba aliyochaguliwa: anayetangulia kuchukuliwa analipwa zaidi, na anayeachwa raundi ya nne au ya tano anaanza kwa mkataba mdogo na kazi isiyo na uhakika. Ross aliondoka Indianapolis na 4.22 yake, akachukuliwa na Cincinnati Bengals akiwa chaguo la tisa. Mwenzake wa mwaka uleule, Cooper Kupp, alikimbia 4.62, akasubiri hadi raundi ya tatu, chaguo la 69. Tutarudi kwa Kupp.

Kidole mwanzoni, leza mwishoni

Katika fainali ya Olimpiki, bastola ya kuanzishia imeunganishwa na saa. Mlio unapotoka, saa imekwishaanza, iwe mkimbiaji yuko tayari au amechelewa kuitikia. Mwishoni kamera maalumu inapiga picha ya mstari, na waamuzi wanasoma ni lini kiwiliwili cha mkimbiaji kimeufikia. Hakuna jicho wala kidole cha mtu kinachoanzisha au kusimamisha chochote.

Combine haina bastola. Kijana anainama, anaweka mkono chini, na anaondoka anapotaka mwenyewe. Mpimaji anamkazia macho. Akiona kiungo cha kwanza kimetikisika, anabonyeza kitufe na saa inaanza. Mwishoni mwa yadi 40 kuna mwale wa leza; kijana akiukata, saa inasimama yenyewe. Kwa hiyo muda rasmi wa NFL ni nusu mkono, nusu mashine. Watangazaji huuita wa kielektroniki, na mtazamaji hudhani kuwa ni sawa na ule wa Olimpiki.

Tuitazame ile nusu ya kwanza kwa karibu. Jicho likiona jambo la ghafla, ubongo unahitaji muda wa kutambua na kidole kinahitaji muda wa kutii. Kwa mtu mzima aliye makini, safari hiyo huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Maana yake ni kwamba saa inapoanza, kijana amekwishaondoka. Sehemu hizo mbili za kumi ni zawadi inayotolewa kwa kila mkimbiaji wa Combine, na mkimbiaji wa Olimpiki haipati. Kinyume chake, huyo wa Olimpiki anakatwa muda wake mwenyewe wa kuitikia mlio.

Kama zawadi ingekuwa ileile kwa wote, tungevumilia. Lakini haiwezi kuwa ileile. Tuseme mpimaji amebonyeza baada ya 0.18 kwa kijana wa asubuhi, na baada ya 0.24 kwa kijana wa jioni. Hakuna aliyekosea; ndivyo mwili wa binadamu ulivyo. Hata hivyo, kijana wa jioni amepata nafuu ya sehemu sita za mia, mara sita ya pengo lililomvika Worthy taji la Ross.

Kuna tatizo jingine. Mtikisiko wa kwanza ni upi? Mmoja huinua mkono kabla nyonga hazijasogea. Mwingine husukuma nyonga mbele huku vidole vikiwa bado vimegusa nyasi. Walimu wanaowaandaa vijana kwa Combine hutumia wiki nzima nzima kuwafundisha kukaa tuli na kuondoka kwa mkupuo, kwa sababu mwili unaoondoka bila dalili humchelewesha mpimaji. Kijana anayefundishwa hivyo ananunua muda bila kuongeza kasi ya miguu yake hata kidogo.

Ile nusu ya mwisho, ya leza, ni bora zaidi, ingawa nayo ina masharti. Mwale mmoja hautambui kiwiliwili. Unakatwa na chochote kinachoufikia kwanza, na mkono uliorushwa mbele kwa sentimita 30 unaweza kumpa mtu sehemu tatu za mia. Ndiyo maana maabara za michezo hupendelea mageti ya miale miwili, mmoja juu ya mwingine: saa haisimami mpaka yote miwili ikatwe kwa pamoja, jambo ambalo mkono peke yake ni nadra kulifanya.

Bolt angekimbia ngapi?

Njia nzuri ya kuona ukubwa wa zawadi hiyo ni kumtazama mwanadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa. Agosti 16, 2009, mjini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Wataalamu walipima kila kipande cha mbio zile. Mita 20 alizipita kwa sekunde 2.89, mita 40 kwa 4.64. Yadi 40 zinakwisha mita tatu na nusu hivi kabla ya alama ya mita 40, na kwa kasi aliyokuwa nayo hapo, mita hizo zilimchukua karibu sehemu tatu za kumi. Kwa hiyo Bolt, katika mbio bora kuliko zote katika historia, alipita yadi 40 kwa sekunde 4.35 hivi.

Ndani ya muda huo kuna 0.146 za kuitikia bastola. Tukiziondoa, tangu mwili wake ulipoanza kusukuma hadi alipopita alama ya yadi 40, tunapata 4.20. Na hayo aliyafanya akiwa na viatu vya misumari, akisukumia bloku za kuanzia, kwenye njia ya riadha iliyotandikwa mpira, upepo mwepesi ukimsaidia mgongoni.

Sasa tuiweke 4.20 hiyo kando ya 4.21 ya Worthy, aliyekimbia kwenye nyasi bandia bila bloku. Hakuna anayejua riadha atakayekubali kwamba wawili hao walikuwa sawa. Kinachozisogeza tarakimu hizo karibu ni kidole. Bolt akipimwa kwa utaratibu wa Indianapolis, akapewa naye ile zawadi ya mwanzo, muda wake ungekaribia sekunde nne kamili. Februari 2019, akiwa amekwishastaafu, alijaribu yadi 40 mjini Atlanta wakati wa shamrashamra za Super Bowl, fainali ya NFL, amevaa suruali ya mazoezi na raba za kawaida. Alipewa 4.22. Vyombo vya habari vikaandika kuwa ameifikia rekodi ya NFL. Tukio hilo lilionyesha vizuri jinsi kipimo kilivyo kikarimu.

Kusema hivi hakumpunguzii Worthy kitu. Ana kasi ya ajabu, na katika Super Bowl ya Februari 2025, mwisho wa msimu wake wa kwanza, alidaka pasi nane kwa yadi 157 na kufunga mara mbili, ingawa timu yake ilifungwa na Philadelphia Eagles. Kinachohojiwa hapa ni tarakimu ya pili baada ya nukta. Hiyo haina uthabiti wa kumtangaza mmoja kuwa juu ya mwenzake.

Siku za vyuo na ngano zake

Baada ya Combine, mwezi Machi, vyuo hufanya siku zao za majaribio. Huko wanapimwa wasioalikwa Indianapolis, na pia walioalikwa lakini wakaona wapate nafasi ya pili nyumbani. Huko ndiko stopwochi inakotawala. Wasaka vipaji wa timu mbalimbali hujipanga pembeni mwa njia, kila mmoja na saa yake kiganjani. Mbio ni ileile moja, lakini kila mmoja huondoka na muda wake. Mmoja ana 4.41, wa pili 4.46, wa tatu 4.38. Kisha kuna uwanja wenyewe: mmoja ni wa ndani, mwingine uko wazi na upepo; mmoja una nyasi za asili, mwingine una sakafu ngumu inayorudisha nguvu za mguu.

Kosa la stopwochi lina upande wake, na upande huo unajulikana. Mwanzo wa mbio hauwezi kutabiriwa, kwa hiyo kidole kinachelewa. Mwisho unaonekana ukija: mpimaji anamwona kijana akikaribia na anajiandaa, kidole kinabonyeza palepale au kabla kidogo. Ucheleweshaji wa mwanzo haurudishwi mwishoni. Ndiyo maana muda wa mkono karibu kila mara huwa mfupi kuliko ukweli, na ni nadra kuwa mrefu.

Ngano nyingi za mchezo huu zimetoka hapo. Inasimuliwa kwamba Bo Jackson, mwaka 1986, alikimbia 4.12. Huenda hapakuwa na mtu wa ukubwa wake mwenye kasi kama yake, lakini mashine haikuwepo, na 4.12 ya saa ya mkono haiwezi kukaa jedwali moja na 4.21 ya Indianapolis.

Mara nyingine stopwochi ndiyo inayomfungulia mtu mlango. Tyreek Hill hakualikwa Combine mwaka 2016. Katika siku ya majaribio ya Chuo Kikuu cha West Alabama alipewa 4.29, na Chiefs wakamchukua raundi ya tano. Mwaka huohuo, vifaa vya kielektroniki vilivyomo mabegani mwa mavazi ya wachezaji vilimpima akirudisha mpira kwa maili 23.24 kwa saa, yaani kilomita 37.4. Safari hii mashine ililithibitisha neno la mkono. Ila uthibitisho ulikuja baada ya timu nyingi kumpita.

Riadha ilivyolimaliza jambo hili

Walimu wa michezo wa shule za Afrika Mashariki wanalifahamu tatizo hili kwa uzoefu. Kwenye mbio za mita 100, mwalimu mwenye saa husimama mwisho wa mstari na kuelekezwa asisubiri mlio, atazame moshi au mwanga wa bastola. Sababu ni kwamba sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mlio humfikia mtu aliye mita 100 mbali baada ya karibu sehemu tatu za kumi za sekunde, na anayesubiri kuusikia anamzawadia mkimbiaji muda wote huo.

Kanuni za riadha zilijenga tahadhari juu ya tahadhari. Wapimaji wawe watatu, muda wa katikati ndio uchukuliwe, na usomwe kwa sehemu za kumi tu, tena kwa kupandishwa: saa ikionyesha 10.11, unaandikwa 10.2. Muda wa mkono unapolinganishwa na wa mashine katika mita 100, desturi ni kuuongezea sekunde 0.24. Kisha, kuanzia Januari 1, 1977, shirikisho la riadha la dunia likaamua kwamba rekodi za dunia za mbio fupi hadi mita 400 zitambuliwe kwa muda wa mashine kamili peke yake. Ndiyo maana 9.77 ya Ferdinand Omanyala, aliyoikimbia Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, ni rekodi ya Afrika isiyohojiwa na mtu.

Uamuzi ule wa 1977 ulikuwa na gharama. Majina makubwa yaliyokuwa na 9.9 za mkono yaliondoka kileleni, na rekodi ikabaki kwa Jim Hines, aliyekimbia 9.95 ya mashine katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Riadha haikufa kwa hilo. Orodha za zamani zilihifadhiwa zilivyo, mpya zikaanzishwa, na kila msomaji alijua ipi ni ipi.

Hoja inayotolewa mara kwa mara kuitetea saa ya Combine ni kwamba timu zina kumbukumbu za miongo mingi, na saa mpya itazifanya kumbukumbu hizo zisilinganishike. Hoja hiyo ina uzito. Kocha anataka kumlinganisha kijana wa leo na mchezaji aliyemfundisha miaka kumi iliyopita. Lakini riadha ilikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko NFL, na ilithubutu. Tena hakuna kinachokataza kutumia saa zote mbili kwa pamoja kwa miaka michache: kidole kiendelee kubonyeza kama zamani, mashine nayo ipime mbio zilezile, na timu zijue pengo kati ya mbili hizo ni kiasi gani. Kosa lililozoeleka halipati ukweli kwa sababu lina miaka mingi. Mizani ya sokoni ikiwa na jiwe pungufu, kuitumia tangu enzi za babu hakumfidii mnunuzi.

Mabingwa wawili wa Olimpiki

Huyo Jim Hines, bingwa wa mita 100, alicheza NFL. Miami Dolphins walimchukua mwaka 1968, akacheza msimu wa 1969, kisha akapita Kansas City, na hakufika mbali. Kasi alikuwa nayo kuliko binadamu yeyote wa wakati huo, mpira ulimponyoka.

Bingwa aliyemtangulia, Bob Hayes, mshindi wa mita 100 Tokyo mwaka 1964, alikwenda Dallas Cowboys na katika msimu wake wa kwanza, 1965, alipata yadi 1,003 na kufunga mara 12 kwa pasi alizodaka. Mabeki hawakuweza kumlinda mmoja kwa mmoja, na timu pinzani zilisukumwa kulinda maeneo ya uwanja badala ya kumganda mtu. Mwaka 2009 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa futiboli. Wote wawili walikuwa mabingwa wa Olimpiki kwenye umbali uleule, lakini maisha yao ya mpira hayakufanana. Kupima kasi vizuri ni lazima, na baada ya kuipima bado kuna kazi ya kujua itatumikaje.

Cooper Kupp ni ushahidi wa upande wa pili. Kwa 4.62 yake, mwaka 2021 aliongoza ligi nzima kwa pasi alizodaka, kwa yadi 1,947 na kwa mabao 16 ya pasi, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Ross, aliyempita kwa sehemu nne za kumi, alimaliza msimu wake wa kwanza bila pasi hata moja, na majeraha yakamwandama. Utafiti wa Kuzmits na Adams uliochapishwa mwaka 2008, uliotazama makwotabeki (warusha pasi), wakimbiza mpira na wapokeaji, haukuona uhusiano thabiti kati ya vipimo vya Combine na mafanikio katika ligi, isipokuwa mahali pamoja: mbio fupi kwa wakimbiza mpira.

Matokeo hayo yana mantiki. Mkimbiza mpira anapenya mwanya na kukimbia moja kwa moja. Mpokeaji anaishi kwa kugeuka, kumlaghai beki na kufunga breki. Mchezaji wa mstari wa mbele mara nyingi hahitaji kukimbia hata yadi 10, kwa hiyo muda wake wa yadi 10 za kwanza una maana kuliko 40 zote.

Uzito nao haupuuziki. Aaron Donald alikimbia 4.68 mwaka 2014 akiwa na kilo 129. Kwa mpokeaji huo ni muda wa polepole. Kwa mlinzi wa kati wa uzito ule ulikuwa wa kustaajabisha, na Donald akaja kuwa mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Mchambuzi Bill Barnwell alitengeneza kanuni kwa ajili ya wakimbiza mpira: uzito kwa ratili, mara 200, gawanya kwa muda uliopandishwa kwa kipeo cha nne. Mchezaji wa ratili 220 mwenye 4.40 anapata alama 117. Mwandikie 4.50, anashuka hadi 107. Kosa la sehemu moja ya kumi, ambalo kidole kinaweza kulifanya bila mtu kugundua, linapanuliwa na hesabu na kumhamisha kijana kutoka kundi moja hadi jingine.

Kasi ya mchezo

Tangu mwaka 2015 kila mchezaji wa NFL anavaa vitambuzi vidogo ndani ya mavazi ya mabegani, vinavyotoa mahali alipo mara 10 kwa sekunde. Vyuo vingi navyo hutumia vifaa vya setilaiti mazoezini na kwenye mechi. Kwa mara ya kwanza inawezekana kujua mtu anakimbia kiasi gani akiwa amevaa kofia ngumu, amechoka, na anafukuzwa.

Oktoba 2020, DK Metcalf wa Seattle alimfukuza Budda Baker wa Arizona aliyekuwa amenyakua pasi, akamkamata kabla ya kufunga. Vitambuzi vilisoma maili 22.64 kwa saa, yaani kilomita 36.4. Mwaka 2019 alikuwa amekimbia 4.33 Indianapolis, na mwili wake ni wa kilo 103. Mei 2021 alijitosa katika mita 100 za riadha huko California, mbele ya mashine kamili na wakimbiaji wa kweli, akapata 10.36 na kuwa wa mwisho katika kundi lake. Vipimo vitatu, na vyote vinasema kweli: ni mkimbiaji mzuri kwa mizani ya riadha, na wa kutisha kwa mizani ya futiboli. Kila kimoja kilijibu swali lake, na aliyevisoma vyote alimjua Metcalf kuliko aliyeshika 4.33 peke yake.

Msomaji wa kwetu anaweza kumkumbuka Daniel Adongo. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Mkenya huyo aliyekuwa mchezaji wa raga na hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Hakupitia drafti, mwili na kasi vilionekana kwenye raga. Mwezi Desemba mwaka huo aliingia uwanjani katika kikosi cha mipira ya kupigwa, kazi ileile iliyozizaa yadi 40 za Paul Brown. Njia kama yake inawezekana pale mtu anapomtazama mchezaji akicheza.

Kinachopasa kufanyika

Marekebisho hayahitaji uvumbuzi. Mashine zipo, na gharama yake ni ndogo mno kwa ligi hii. Kwanza, mwanzo wa mbio upewe mashine: kibao chini ya mkono kinachoanzisha saa vidole vinapoachia. Kibao nacho kina udhaifu, kwa sababu mwili unaweza kutangulia mkono, lakini udhaifu huo ni wa namna moja kwa kila kijana, unaandikika kwenye kanuni na unaweza kufundishwa kwa wote. Pili, mwisho uwe na miale miwili. Tatu, mbio zote mbili zitangazwe, pamoja na muda wa yadi 10 na 20, kwa sababu kuchukua iliyo bora peke yake ni kuchagua kosa lililompendelea mtu. Nne, kila tarakimu iandikwe pamoja na namna ilivyopatikana: kwa mkono, kwa nusu mashine, au kwa mashine kamili. Na pale ambapo kidole bado kinatumika, muda usomwe kwa sehemu za kumi, kama riadha inavyofanya.

Wako watakaosema kwamba makocha wazoefu wanayajua haya yote, na kwamba hawamchagui mtu kwa sehemu za mia. Wengine hawafanyi hivyo, ni kweli. Lakini tarakimu haiishii kwa kocha mzoefu. Inakwenda kwa mmiliki wa timu, kwa mtangazaji, kwa kijana wa shule ya sekondari anayejipima kwa stopwochi ya rafiki na kukata tamaa kwa sababu hakufika 4.4 ambayo pengine hata bingwa wake hakuwahi kuifikia. Kijana huyo ndiye anayebeba gharama ya kipimo kibovu, na hana namna ya kukihoji.

NFL ina haki ya kuchagua umbali, viatu na sakafu itakayo. Ikishachagua, ina wajibu wa kupima kwa uaminifu na kusema wazi imepimaje. Vijana zaidi ya 300 wanaoalikwa kila mwaka wamejiandaa tangu utotoni kwa sekunde hizo nne na ushee. Wapewe saa inayostahili jasho lao.